Gitaa la Pili Lililohamia Mkononi

Jumanne saa nne asubuhi, fundi saa alikuwa ameinamia saa ya mwalimu mkuu, kibano mkononi, gitaa lilipoanza kulia kwenye kiganja chake cha kushoto. Alilitambua papo hapo. Lilikuwa lake, la santuri ya tatu ya bendi yao, ile iliyonunuliwa na ndugu na jamaa tu.

"Baba watoto, punguza huo mkono," mkewe alisema. "Naongea na simu."

Fundi akaubana kwapani. Muuza santuri wa ng'ambo ya barabara akaingia na ndala zake.

"Fundi, nimeweka santuri yenu, gitaa linasikika moja tu."

"La pili liko huku."

"Haya. Basi acha mlango wazi, nina mteja."

Magitaa ya bendi ile yalikwenda sambamba kama mapacha. Siku ya picha ya jalada, yeye na shemeji yake walisimama mgongo kwa mgongo, makoti meusi, wakagandana hadi mpiga chapa akahesabu mtu mmoja mnene. Akaandika jina moja, la shemeji. Kwa miaka thelathini na minane fundi amekuwa akiwaeleza watu kwamba ule mguu wa tatu pale jaladani ni wake.

Sasa santuri ilikuwa inachapwa upya. Alhamisi, karani wa kampuni ya santuri alifika na shemeji na mashine ya kupigia, akaweka santuri, akausogelea mkono, akasikiliza upande mzima.

"Vinaoana," akasema.

"Basi niandike jina."

"Mzee, mkono nimeusikia. Ila fomu ina nafasi moja ya mpiga gitaa."

Fundi akamgeukia shemeji. "Mwambie siku ile tulikuwa wangapi."

Shemeji akakuna kidevu. "Hata mimi nimechanganyikiwa, shemeji yangu. Mgongoni nakumbuka ukuta."

"Ukuta ulikuwa mimi!"

"Inawezekana," shemeji akasema kwa upole.

Hata fundi mwenyewe, jioni hiyo, aliihesabu ile miguu mara nne, na mara moja akapata miwili.

Santuri mpya zikaja na jina lilelile. Chini yake waliongeza mstari: gitaa la pili linapatikana duka la saa, siku za kazi. Wateja wakaanza kuja na mashine zao. Fundi aliwawekea benchi, akauweka mkono juu ya meza, akaendelea kutengeneza saa kwa ule mwingine.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, bibi mmoja alijifuta machozi.

"Msalimie sana aliyepiga," akasema.

Fundi akasema salamu atazifikisha.