Nakala ya Mwandishi

Kompyuta ya dada ilikuwa pale pale mezani, imefunikwa kitambaa chake cha kichwa. Shemeji alikaa mbele yake, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa. Nilivuta kiti nikakaa naye.

Nilikuwa mfanyakazi wa maktaba kwenye taasisi alikofanyia dada utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata watafiti kila kona: sheria ilitaka utafiti uliolipiwa na serikali uwekwe wazi, raia yeyote ausome bure, kabla mwaka haujapita tangu jarida liuchapishe. Makala ya dada kuhusu figo za wakulima ilibakiza siku chache. Isipowekwa, wizara ingezuia fedha za awamu ya pili, na mafundi wake wawili wa maabara wangekosa kazi. Dada tulikuwa tumemzika mwezi uliopita.

Mara ya kwanza nilipandisha makala kwenye tovuti ya wizara kama ilivyotoka jaridani, nembo na kila kitu. Ikarudishwa siku hiyo hiyo. Nembo na mpangilio ni mali ya jarida. Kinachotakiwa ni nakala ya mwisho ya mwandishi mwenyewe, kabla jarida halijaipanga. Miaka yote nilikuwa nikiwafokea wengine kwa kosa hilo. Sikuona hata aibu. Tangu mazishi nilikuwa nimekufa ganzi, nakula kwa sababu wengine wanakula.

"Unajua sijaigusa," shemeji alisema.

"Najua, shemeji. Ila wizara haijui."

Alikitoa kile kitambaa, akakikunja taratibu, akakiweka mapajani. Neno la siri alilijua. Dada alitumia moja kwa kila kitu, na tulimsema sana kwa hilo. Ndani tulikuta mafaili matatu: Mwisho, Mwisho Kabisa, na Mwisho Kabisa Sasa Basi.

"Ni ipi hapo?" shemeji aliuliza.

"Hiyo ya sasa basi."

Shemeji alicheka kidogo, kwa puani. Nilitaka kucheka naye, mdomo ukagoma.

Nikaipandisha. Fomu iliuliza anwani ya barua pepe ya mwandishi, nami nikaandika ya dada, vidole vikiitangulia akili. Haikuchukua muda, makala ikapokelewa. Mafundi wangebaki kazini. Nilingoja nisikie chochote moyoni, hata nafuu tu, na hakikuja kitu.

Simu ya dada ikatetemeka juu ya kabati. Sikujua kwamba bado inawaka. Shemeji aliinuka, akaichomoa kwenye chaji, akaisoma akiwa amesimama, midomo ikichezacheza, kisha akanionyesha. Ulikuwa ujumbe wa wizara ukimpongeza dada, kwa jina lake kamili na cheo chake, kwamba kuanzia sasa utafiti wake unasomwa na yeyote.

"Ameupata," akasema.

Akaichomeka tena kwenye chaji.