Mchungaji Wako

Praygod anasoma chuo Dar, na huko amekutana na mashairi ya kale ya Wazungu, ambamo wapenzi huchunga kondoo huku wakipiga filimbi. Basi akaanza kuniandikia ya kwake kwenye simu. Mimi Eunike wa Old Moshi, ninayeshinda na mzigo wa majani kichwani kwa sababu ng'ombe wetu hatoki bandani, nikawa malaika wa malishoni! La mwisho liliisha hivi: "Njoo tulale migombani. Ni mimi, mchungaji wako."

Namba yake nimeihifadhi kwa jina la Mpenzi. Mama alilisoma, na kwetu Walutheri mchungaji ni yule anayehubiri Jumapili. Akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa. Nikaapa ni Praygod. Wakauliza tangu lini Praygod akawa mchungaji. Sasa mchungaji wetu, mzee wa watu, kasimamishwa, na mkewe haitikii shikamoo yangu.

Nilimpigia Praygod nikilia, aje aseme ni yeye.

"Usilie, mpenzi," akasema. "Uchungu huu utatoa shairi zuri sana."

Nikamkatia simu, nikachukua mundu, nikaenda kumkatia ng'ombe majani.