Bila kwa Bila

…nne kwa nne, basi, Adhieu alikuwa amehesabu mara mbili, mkono wake wa kushoto ukiwa juu pamoja na ile mingine mitatu ya wanaopinga na wa kulia ukiandika, na sasa kalamu imesimama na wajumbe wote wanane wa kamati ya mashindano ya mpira wamemgeukia yeye, Mwalimu Ekuru, mwenyekiti, kwa sababu kanuni inasema kura zikilingana mwenyekiti ndiye anayeamua, na kanuni hiyo aliiandika mwenyewe miaka minne iliyopita nyumbani kwake Lodwar, juu ya meza ya chakula, Nakiru akimsomea kipengele kimoja kimoja kwa sauti na kumuuliza, hivi zikilingana kweli utafanya nini, wewe ambaye hata rangi ya pazia huwezi kuchagua, naye akajibu kwamba hilo halitatokea… limetokea leo, siku moja kabla ya fainali, katika ukumbi huu wa mabati wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma ambao upepo wa alasiri unaurushia mchanga kama mtu anayepepeta mtama ukutani, na Nakiru ana miezi miwili na siku sita tangu azikwe. Hoja ni ya Duop, fainali ya kesho ikiisha bila kwa bila kusiwe na penalti, kombe lichukuliwe na timu iliyofunga magoli mengi tangu mashindano yaanze, hoja fupi, ya haki ukiisikia mara moja, ila kila aliyeketi hapa anajua inamlenga nani, inawalenga wenyeji, vijana wa Kiturkana wa mjini, timu ya nahodha Lopeyok, walioingia fainali bila kufunga goli hata moja, robo fainali bila kwa bila, nusu fainali bila kwa bila, penalti mara mbili, na hizo za pili ndizo zilizowatoa Wasudani Kusini wa Duop, ilhali Waethiopia watakaokutana nao kesho wamekwisha kufunga saba, kwa hiyo hoja ikipita Lopeyok lazima afunge au arudi nyumbani mikono mitupu, na timu yake haijui kufunga, inajua kuzuia tu, inazuia kama watu waliozaliwa wakizuia.

"Ile si timu, Mwalimu," Duop alikuwa amesema, amesimama, mrefu hata kichwa chake kilikaribia kenchi, "ile ni watu kumi na moja, wote golikipa. Watu wametoka Kakuma Three kwa mguu, jua iko hapa, wamekuja kuona goli, wameona ukuta," na Adhieu, katibu, ambaye humwita Duop mtoto wangu ingawa hakumzaa, akamjibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Wewe penalti yako ilienda mpaka Lokichoggio, mtoto wangu, sasa unalia na ukuta?" na ukumbi ukacheka, hata Duop akacheka, kisha Mulamba wa Wakongomani akasema mpira ni ya kufurahisha batu, haiko ya kulinda mulango, na kicheko kikaisha, kwa maana Mulamba alisema kwa upole na upole ndio unaoshinda vikao… na Ekuru wakati huo wote alikuwa akitikisa kichwa kidogo, kuafiki, alijiona akitikisa, kwani ukweli ni kwamba alipoondoka Lodwar asubuhi alikuwa tayari upande wa Duop, kura hii asingehitaji hata kuiwaza, na jambo hilo lingewashangaza wote waliowahi kutazama mpira pamoja naye, yeye aliyewatetea Wagiriki. Mwaka wa Ugiriki, ndiyo, Kombe la Ulaya la elfu mbili na nne, yeye na Nakiru hawajaoana bado, ukumbi wa hoteli moja ya Lodwar, televisheni juu ya friji, Wagiriki wamewatoa Wafaransa moja bila, Wacheki moja bila, na sasa Wareno, nyumbani kwa Wareno wenyewe, kona moja, kichwa kimoja, moja bila, na Nakiru akasimama akasema huu ni wizi, watu wanakaa nyuma siku nzima kama fisi wakingoja mwenzao achoke, na Ekuru, na shahada yake mpya ya hisabati, akamweleza kwa utaratibu kwamba hakuna kanuni inayosema anayeshambulia ana haki zaidi, kwamba goli lisiloingia lina thamani ileile ya goli linaloingia, kwamba timu dhaifu isiyokubali udhaifu wake ni timu pumbavu, naye akamtazama akasema, "Ejok, sawa, mwalimu, lakini sitaki kuishi namna hiyo," na wiki ile ile akakubali kuolewa naye, kwa hiyo maneno hayo hakuyahesabu kuwa kitu, aliyachukua kuwa ni mpira.

Walibishana hivyo miaka minane, ubishi wa nyumbani, wa kupashwa moto kama chai, yeye akimtajia Kodivaa, unaona, Kombe la Afrika zima hawakufungwa goli hata moja, na yeye Nakiru akipiga makofi, na wakakosa kombe, Zambia wakalichukua kwa penalti, na Uswisi wako wale wa Kombe la Dunia, hawakufungwa hata moja na wakarudi kwao, sasa niambie, ukuta wao uliwapa nini? Kodivaa walikosa kombe mwezi wa pili. Mwezi wa tatu daktari mmoja Eldoreti aliweka picha ya moyo wa Nakiru kwenye taa, akaonyesha kwa kidole tundu linalopaswa kufunga ambalo halifungi, akasema njia ni mbili, kupasua au dawa, wakipasuliwa kumi wa hali yake saba hupona kabisa na watatu hatuwaamshi, wakishikilia dawa wengi humaliza mwaka, wachache miwili, na Ekuru aliyaweka mawili hayo kwenye mizani kichwani kama alivyofundishwa, akaona watatu, akaona meza na taa na watatu wasioamka, akasema, "Tutashikilia dawa." Tutashikilia. Wingi huo ulitoka wapi… Walishikilia miezi kumi na mitatu. Aliizuia nyumba ile kuliko mtu yeyote alivyowahi kuzuia, alifunga madirisha dhidi ya vumbi, alipima chumvi kwa kijiko cha dawa, aliwarudisha wageni wa kanisa mlangoni kwa heshima, alihesabu ngazi za shule alikofundisha Nakiru na kumwombea likizo, na kila mwezi ulioisha alisema moyoni bila kwa bila, bado bila kwa bila, na mwezi wa kwanza mwaka huu, siku moja ya baridi adimu, Nakiru aliamka na rangi usoni akasema leo nataka Kalokol, nataka kumwona mama na nile samaki mbichi wa kuchoma pale pale ufuoni mwa ziwa, na yeye akasema barabara itakutikisa, akasema lori, akasema joto la saa sita, na Nakiru akacheka kicheko kile cha pumzi fupi akasema, "Mwalimu, wewe unaokoa hata mpira unaotoka nje wenyewe." Hawakwenda. Mwezi wa nne alifariki, kitandani, madirisha yamefungwa.

Ndiyo maana mkono wake mwenyewe ulikuwa tayari kumfuata Duop, aliona hilo sasa waziwazi, kabla hata ya kikao alikuwa amekwisha kuhukumu kwamba kuzuia ni woga uliovaa koti la busara, kwamba anayekaa nyuma hastahili alichopata na hastahili hata kuhurumiwa alichopoteza, na kwamba angalau hapa, kwa kura hii moja, angempa Nakiru goli lake, unaona, angemwambia, nimewalazimisha washambulie… lakini Adhieu alikuwa amesema neno jingine kabla ya kura, na neno hilo halikutaka kukaa kimya, alisema, "Mimi nimetoka Bor mpaka Nadapal pale mpakani na mguu, na watoto tatu. Sijapiga mtu, sijashinda mtu. Nililala kwa majani mchana, nikatembea usiku. Nikafika Nadapal na watoto tatu. Mtu akuje hapa aniambie hiyo si kushinda," na Duop mwenyewe alitazama viatu vyake, na Ekuru alisikia ndani yake kitu kama chuki, wewe ulifika, ulifika nao watatu, mimi nilizuia vilevile, kwa akili ileile, na sikufika, basi kustahili ni nini ikiwa ni kufika tu? Baba yake aliporudi kutoka malishoni mwaka wa kiangazi kikubwa hakuna aliyemuuliza mbuzi wamezaa wangapi, walihesabu waliobaki wakachinja mmoja kwa furaha, na jirani yao aliyechunga kwa uangalifu uleule, visima vilevile, alirudi na fimbo tu, na watu walimpa maji akanywa, hawakumwambia ulikosea. Hawakumwambia. Kwa nini yeye anajiambia? Hisabati ilikuwa sahihi, angeirudia leo angepata jibu lilelile, watatu kati ya kumi ni watatu, na timu inayojua kwamba haina mshambuliaji ikikaa nyuma haijaiba kitu cha mtu, inakimbia zaidi kuliko wote, inaumia zaidi, dakika tisini za kutogusa mpira na kutokata tamaa, alilisema hili mwaka wa Ugiriki na lingali kweli, kuzuia si kosa, kosa liko mahali pengine, alilizunguka kama mtu anayetafuta funguo gizani akigusa kila kitu isipokuwa funguo… Adhieu alikohoa kidogo, "Mwalimu?" mikono minne ingali juu, mmoja ulianza kushuka kwa uchovu, na ni hapo, kwa kuyakwepa macho yao, alipotazama nyuma ya ukumbi ambako manahodha wawili wa fainali wameketi juu ya benchi karibu na mlango, kwa kuwa kanuni, yake hiyohiyo, inasema nahodha wa fainali huhudhuria ila hapigi kura wala hasemi mpaka aulizwe, Mwethiopia amekunja mikono, ametulia, ana magoli saba, na Lopeyok ameinama mbele, viwiko magotini, na Lopeyok akavuta pumzi. Hivyo tu. Akavuta pumzi ndefu, kifua kikapanda, midomo ikaachana, kisha akakumbuka kanuni, akaishusha pumzi polepole bila kutoa neno, na Ekuru akaacha kuhesabu, kwa sababu pumzi hiyo anaijua.

Eldoreti. Daktari ameuliza, "Mnaonaje?" ameuliza wote wawili, macho yake yamekwenda kwa Nakiru, na Nakiru akavuta pumzi, kifua kikapanda, midomo ikaachana, na Ekuru akamshika mkono na kusema tutashikilia dawa, haraka, kumwondolea kazi ya kusema, kwa kuwa siku hizo kila pumzi yake ndefu aliihesabu kuwa ni moyo, ni tundu lile lisilofunga, aliihesabu ugonjwa… na haikuwa ugonjwa. Alikuwa anaanza kusema. Miezi kumi na mitano ameibeba picha ile na kuiona kila siku na hakuiona, alikuwa anaanza kusema, na yeye alijua angesema nini, hapana mtu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye, tangu mwaka wa Ugiriki alijua, sitaki kuishi namna hiyo, ndiyo maana aliharakisha. Labda Nakiru angekosea. Labda angekuwa mmoja wa watatu na asingepata hata kile kicheko cha mwezi wa kwanza. Lakini vijana wale wa mjini kabla ya kila mechi hukaa chini mchangani duara, aliwaona juzi, wakabishana mpaka mmoja akatupa kiatu, kisha wakakubaliana kuzuia, wote, na walipozuia walizuia kila mmoja kwa mwili wake mwenyewe. Yeye alizuia kwa mwili wa mtu mwingine. Na leo alitaka kumlipa Nakiru kwa kumfanyia Lopeyok lilelile, kumjibia, kumlazimisha ashambulie kwa ajili ya mwanamke ambaye Lopeyok hakumjua, na kuliita hilo haki. Aliona uchungu wake wote wa miezi miwili umekaa mahali pasipo pake, kama mtu aliyelia juu ya kaburi la jirani, na kwamba sasa itambidi auhamishe, auzike upya mahali penyewe, na pale pana kina zaidi, na hakuna hesabu ya kumsaidia huko. "Mwalimu, unakubali ama unakataa?" Duop aliuliza, si kwa ukali, na upepo ukapiga bati tena, na mjumbe yule aliyechoka akaushika mkono wake ulio juu kwa mkono ulio chini ili usianguke. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lolote kati ya mawili, alikuwa amekwisha kuvuta pumzi yake mwenyewe. Akaishusha. Akafunga kinywa, akayaacha macho yake pale nyuma karibu na mlango, juu ya uso wa Lopeyok, kama anayemuuliza, na akangoja.