Siku Arobaini za Mkaja

Mtu akiniambia tena kwamba nadeka, nitampiga mwiko wa kichwa. Nasema hivyo, lakini siku zile hata huo mwiko nisingeweza kuuinua, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Toka hapa Pumwani mpaka Kariokor, harusi ikitajwa anaitwa Lela na mwiko wake mrefu. Nilikuwa mnene, unene wa kusifiwa, na mbele ya sufuria tatu za pilau nilikuwa nasimama toka alfajiri hadi watu wanawe mikono. Mwaka wa hamsini na saba vidonda vya tumbo vikanizidi. Nikapelekwa hospitali, wakanipasua, wakakata zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula.

Siku ya kutoka, dresa mmoja wa kufunga vidonda, aitwaye Phares, alituketisha, mimi na wifi yangu Muhiba, akatueleza taratibu. Nile kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Nisiguse vitu vitamu. Nikisha kula nijilaze. Na uchovu utakuja, akasema, uchovu wa miezi, nisishindane nao. Muhiba aliitikia kila neno kwa adabu. Tulipofika getini akasema yule ni mwanamume, atajua nini habari za matumbo ya wanawake.

Muhiba ni dada mkubwa wa mume wangu Twalib. Kwake yeye, mwanamke aliyerudi kutoka hospitali tumbo limeguswa ni mzazi, basi. Akanitandikia chumba cha ndani na kuanza kunihesabia arobaini. Kila asubuhi alinifunga mkaja, kile kitambaa wanachofungwa wanawake waliojifungua ili tumbo lirudi, akaukaza mpaka mshono ukawaka moto. Kisha uji wa pilipili manga, bakuli zima, umekolea sukari guru na samli inaelea juu.

Na kila asubuhi mambo yakawa yale yale. Sijalimaliza bakuli, jasho linanitiririka, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Halafu uchovu. Uchovu wa kazi naujua na wala siuogopi. Huu ulikuwa mwingine. Nikitaka kugeuka kitandani, nilikaa nikafikiria kwanza kama inafaa. Muhiba akiniona hivyo anasema sina nguvu, anaongeza uji. Nilipomkumbusha maneno ya Phares alinijibu kwamba amewauguza wazazi kumi na mmoja na wote wazima. Ningebishana naye, lakini hata kukasirika kulinichosha, na nikisha kuchoka nilizidi kukasirika.

Wageni nao wakaja, makundi kwa makundi, kunijulia hali. Waliutazama mwili wangu uliopukutika, wakaulizana kwa sauti ya chini kama si kifua kikuu. Wakishiba halua ya Muhiba, wananiambia nijikaze.

Kibaya zaidi, Muhiba alikuwa amemwahidi jirani yetu Mahmud kwamba siku ya arobaini nitatoka na kupika harusi ya binti yake. Na kwetu, mpishi akikubali shughuli asisimame, mwiko wake huja kuombwa apewe mwingine. Ukishatoka umetoka. Harusi inayofuata watu watabisha hodi kwa aliye nao. Qamar, niliyemfundisha mimi kukata vitunguu, alikuwa amezoea kuja kuniamkia huku macho yako ukutani, pale mwiko ulipotundikwa.

Siku ya arobaini ikafika. Muhiba aliniogesha, akanivisha kanga mpya, akanifunga mkaja kwa mara ya mwisho na kunishikisha bakuli. Uani wanawake sita walikuwa wakiningoja tuandamane kwa Mahmud. Nikanywa. Nilipojaribu kusimama miguu ilikataa, nikarudi kitandani jasho likinichuruzika mpaka kwenye nyusi.

Nikamsikia Qamar huko nje akisema waliozaa mapacha husimama mapema kuliko huyu, huyu anadeka tu.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilishika ukuta, nikatoka mpaka mlangoni, nikaumwaga ule uji kizingitini mbele ya macho yao. Nikaufungua mkaja, nikautupa chini.

"Sikuzaa mimi, Muhiba," nikamwambia. "Miaka kumi na minne sijazaa. Nimekatwa. Kila siku unanipa kinachoniangusha, halafu unawaita watu waje wanione nimeanguka."

Muhiba aliinama, akauokota mkaja, akaukung'uta vumbi na kuukunja kama anavyokunja nguo ya sala. Hakuniangalia.

"Huu niliununua mwaka ulioolewa," akasema. "Nikaufukiza udi, nikauweka sandukuni. Nilikuwa nimeuweka kwa ajili yako."

Nilirudi kujilaza. Nisidanganye kwamba hasira ziliniisha. Nilikuwa na hasira naye, na mkaja, na ile miaka kumi na minne, na mwili huu usioniuliza kitu. Nililia kwa uchovu, kisha nikamwambia Muhiba nataka yai la kuchemsha, nusu tu, bila chai.

Akaenda kulichemsha. Alirudi nalo kwenye kisahani, amelikata katikati kwa uangalifu kama dawa. Nikala kwa kutafuna sana, yeye akinitazama usoni, akingoja jasho. Jasho halikuja. Akashusha pumzi, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Qamar akapiga hodi. Alikuwa peke yake, wenzake wameshatangulia. Akasema watu wa Mahmud wanamngoja, amekuja kuchukua mwiko.

Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Muhiba ndiye aliyeinuka. Alisimama mlangoni, mabega yake mapana yakajaza nafasi yote, Qamar asiuone hata ukuta wenye mwiko.

"Mwiko hautoki humu," akamwambia. "Mwenyewe anapumzika. Arobaini yake itakwisha atakaposema yeye."

Akafunga mlango. Halafu akaja kukaa miguuni pangu, akaifunika ile nusu ya pili ya yai, akaniuliza ailete saa ngapi.