Shoka Mgongoni mwa Wekoye

Nakhungu alikuwa akipanga maua madhabahuni damu ilipoanza kuchirizika chini ya mlango mkubwa. Akajua msafara wa waziri umeingia Kitale. Kanisa lile la mawe, la enzi za walowezi, lilikuwa na desturi hiyo: kiongozi wa taifa akikaribia, mlango hutoka damu. Akina mama wakapiga deki, wakatandika zulia.

Waziri aliketi mbele, pale walipowahi kusali wakubwa wote. Pasta akasimulia historia ya kanisa: nani alichonga mawe, kengele ilitoka wapi, marais gani walipiga magoti hapo. Alipofika mwaka wa vita vya uchaguzi akakohoa, akaendelea na paa jipya la mabati.

Mwaka huo watu waliotoka Bungoma walikimbilia humo. Wekoye, mumewe Nakhungu, aliuzuia mlango kwa mgongo hadi shoka likapasua mbao na kumwingia katikati ya mabega. Waliobaki walikatwakatwa mbele ya madhabahu. Nakhungu alipona kwa kulaliwa na maiti, na kutoka chini yao alimwona aliyelishika shoka. Ndiye waziri huyu.

Pasta alipokohoa, Wekoye aliingia, shoka likiwa bado mgongoni. Askari akamzuia.

"Mzee, silaha haziruhusiwi."

"Si yangu. Mwenyewe ameketi pale mbele."

Askari akampisha. Nakhungu akasogeza mkoba wake.

"Umechelewa, Baba Hillary."

"Mlango ni mzito, bana."

Waziri alipopanda kuhubiri amani, Wekoye akasimama. "Ni wewe uliniua. Si useme tu."

"Asante mzee," waziri akajibu kwa upole. "Ndiyo maana nasema tusifukue ya zamani."

Watu wakapiga makofi. Nakhungu hakupiga. Alimkita mumewe mguu kiunoni, akaushika mpini kwa mikono miwili, akavuta. Mfupa ukalia, shoka likatoka. Akalipeleka mbele likidondosha damu.

"Mheshimiwa, shika lako."

Walinzi walimwangusha na kumponda kwa vitako vya bunduki hadi taya likavunjika. Kwaya ikaimba ubeti wa pili.

Leo shoka limetundikwa ukutani, limeandikwa: Kifaa cha Waliojenga Kanisa. Waziri ndiye aliyekata utepe.

Nakhungu bado husali pale, ingawa taya halimruhusu kuimba. Wekoye huja kila Jumapili, huketi kando yake. Siku hizi anaweza kuegemea benchi.