Kisiwa Katikati ya Mchuzi

Edith alitoka Suna kwa haja moja tu: Mzee Obare wa Kendu Bay, babake mchumba wake, amkubalie kwenda Manila mwaka mzima kutafiti ugomvi wa visiwa vya Bahari ya China Kusini. Mzee asiporidhia, harusi isahauliwe. Joash, mchumba mwenyewe, alishamwonya hivyo kwa sauti ya mtu anayemwogopa babake kuliko radi.

"Bahari ya watu inakuhusu nini, nyathina, mwanangu?" Mzee Obare aliuliza walipoketi mezani. "Ziwa letu limekushinda?"

"Wanagombania mawe, baba. Mengine maji yakijaa hata hayaonekani."

"Mawe? Kwani kwenu Migori yameisha?" Wesley, kaka mkubwa wa Obare, alicheka hadi kikohozi kikamkaba.

Edith akaona shahada yake ya uzamifu inazama. Akalivuta bakuli la kuku. "Mchuzi huu ndio bahari. Kisiwa hiki hapa," akasema, akiielekezea kijiko firigisi iliyochomoza katikati, nono, haina jirani.

"Hiyo ni yangu," alisema Obare. "Kuku amechinjwa kwangu."

"Tangu lini? Mkubwa ni mimi. Baba alipokufa firigisi zote zilikuja kwangu."

"Zilikuja kwako ukiwa kwako, omera, ndugu yangu. Hapa umevuka mpaka."

"Ndiyo hasa," Edith akadakia kwa furaha. "Mmoja anadai kwa ukaribu, mwingine kwa historia."

Hakuna aliyemsikiliza. Wesley aliegesha uma wake ubavuni mwa firigisi kama meli ya doria. Obare naye akaegesha wake. Joash akapendekeza ikatwe vipande viwili. Hapo ndugu hao wakapatana kwa mara ya kwanza, wakamwambia anyamaze.

Basi Edith akanyoosha mkono, akaichukua firigisi, akaila. Aliitafuna taratibu, maana somo zuri halikimbizwi.

Firigisi ya wazee, kinywani mwa mwanamke, tena mgeni.

"Na ndivyo inavyokuwa," alisema akipangusa vidole. "Wawili wakibishana, wa tatu anahamia."

Mzee Obare aliuondoa uma wake bakulini. "Sasa nimeelewa," alisema. "Omba msamaha, kisha uende Manila hata kesho."

"Hapana, baba."

"Neno moja tu," Joash akanong'ona.

"Nikiomba msamaha nitakuwa nimekiri ilikuwa yao," Edith akajibu, akijisogezea ugali. "Siombi leo, na nikirudi kutoka Manila sitaomba."