Nyumbani kwa Nani

Bi Sauda alikuwa na sifa moja iliyojulikana na kila Mwislamu wa mji wa Kisii: hakuna ndoa iliyomshinda. Waislamu wa pale ni wachache, wanajuana kwa majina mpaka kwa viatu vyao mlangoni mwa msikiti, na nyumba ikiwaka moto anayeitwa kuuzima ni yeye. Nyuma ya madrasa alikuwa na chumba chenye vitanda viwili. Mke aliyepigwa alilala humo, akapewa uji, akapelekwa hospitali, akasomewa dua mpaka akapata pumzi. Kwa hayo, Mungu amlipe. Shida yake ni kwamba alipenda kupatanisha kama wengine wanavyopenda sukari.

Kemuma alimjia asubuhi ya mvua, jicho limevimba, buibui limechanika begani. Alikuwa binti wa kijiji cha Gesima, kwa wakulima wa majani chai, Waadventista wa kuzaliwa. Alisilimu alipoolewa na Idrisa, muuza mitumba wa Mosocho, akapewa jina la Nasra. Kwa siku kadhaa hakusema neno la maana. Aliswali, akafagia chumba, akakaa. Kisha siku moja, Bi Sauda akimkanda jicho kwa kitambaa cha maji moto, akafungua mdomo.

"Mama, mimi nataka munirudishe nyumbani."

Bi Sauda almanusura aangushe bakuli kwa furaha. Yeye alizaliwa Mombasa, akaolewa huku bara, akazika mume huku huku, na kichwani mwake nyumbani kwa mke ni kule alikoacha sufuria zake. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema. "Utarudi. Tena kwa heshima." Hakuuliza ni nyumbani kwa nani. Ingemgharimu pumzi moja tu kuuliza.

Basi akaitisha kikao. Qur'ani inataka wapatanishi wawili, mmoja kutoka kwa watu wa mume na mwingine kutoka kwa watu wa mke. Upande wa Idrisa alikuja ami yake. Upande wa Kemuma, mmoja wa akina mama wa kamati ya madrasa aliuliza kama si vizuri kumpigia simu mamake kule Gesima.

"Wale si wenzetu," Bi Sauda akamjibu. "Watu wake sasa ni sisi." Nafasi hiyo akaikalia yeye mwenyewe, na kwa kweli aliona fahari.

Idrisa alilia. Alilia vizuri sana, makamasi na yote, akaapa kwa Mola wake kwamba hatainua mkono tena. Bi Sauda akamgeukia Kemuma.

"Nasra, umesikia. Uko radhi?"

Kemuma akainamisha kichwa, asiseme kitu. Sasa Bi Sauda alikuwa ameketi na mabiharusi wengi siku ya nikahi, amewasikia masheikh wakisema kwamba kunyamaza kwa mwari ndiyo idhini yake. "Amenyamaza," akawatangazia waliokuwepo. "Ameridhia." Mikono ikainuliwa, dua ikaombwa. Wakamsindikiza mpaka Mosocho na leso mpya na mfuko wa mchele.

Mwezi haukuisha. Aliyepiga simu ni Sheila, jirani wa mlango wa pili. Idrisa alikuwa amekwisha kushikwa na polisi, na Kemuma amelazwa, sikio la kushoto limeumizwa ndani kwa ndani. Daktari alisema halitasikia tena.

Bi Sauda alikaa kando ya kitanda na tasbihi asiyoihesabu.

"Nilisema munirudishe nyumbani," Kemuma akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwenzake.

"Si nilikurudisha, mwanangu?"

"Kule ni kwa Idrisa. Nyumbani ni kwa mama."

Bi Sauda akaiweka tasbihi mapajani. "Mbona ulinyamaza pale kikaoni?"

"Nikitafuta maneno, tayari mulikuwa mumeanza kuomba. Mimi sikujua kama mtu anaruhusiwa kukata dua."

Kila Ramadhani Bi Sauda aliwasimulia wanawake kisa cha mke aliyekwenda kwa Mtume kutaka kutoka katika ndoa yake, na Mtume hakumwambia arudi akavumilie. Alikijua kisa chote, mwanzo hadi mwisho. Siku ya kikao hakikumjia hata kidogo, kwa sababu alikuwa na haraka ya kufurahi. Alilia pale wodini bila kujificha.

Kemuma alipopata nafuu, Bi Sauda alimpeleka Gesima yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na Damaris, mamake Kemuma, alikuwa ametoka kanisani, kofia bado kichwani. Njia nzima Bi Sauda aliogopa kwamba mama yule angeyaona mabuibui mawili uani akafunga mlango. Damaris alilitazama vazi la bintiye mara moja, akautazama uso wake kwa muda mrefu, kisha akasogeza vigoda karibu na moto, akaleta chakula na chai.

"Mukule bila wasiwasi," akamwambia mgeni. "Hata sisi nguruwe hatukulangi."

Kemuma alipomweleza kwa kifupi yaliyompata, akamgeukia kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini, maana mgeni haaibishwi. Lakini Bi Sauda amenunua ndizi soko la Kisii miaka mingi, na alielewa. Mama alikuwa akiuliza: ulikuwa mikononi mwa hawa watu, umeumizwa lakini mzima, mbona hawakukuleta wakati ule?

"Anasema asante kwa kunirudisha nyumbani," Kemuma akatafsiri.

Damaris akatoka kwenda kuchukua maziwa. Bi Sauda akaweka kikombe chini.

"Usinifiche, Kemuma," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. "Mimi ndiye niliyekutoa ukapigwa. Hukuwa umeridhia, na mimi sikutaka kujua. Nisamehe."

Kemuma aliendelea kupuliza chai yake, wala hakugeuka. Bi Sauda akadhani amekataliwa, na akaona ni haki yake. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa ameketi kushoto kwa Kemuma, upande wa sikio lile.

Akainuka, akazunguka moto, akaketi upande wa kulia. Akamngoja Damaris aingie na maziwa, kisha akayasema yote tena, kwa sauti, wasikie wote wawili.